Mtu wa Sita

Asubuhi ile tuligawiwa fulana mpya. Tulikuwa sita: viziwi wawili wa upande wa kukunja na kufunga nguo, mama mmoja mwenye ualbino aliyekuwa stoo, kijana mwenye kibiongo, mzee mmoja aliyekatika mkono, na mimi wa magongo. Tukapangwa kwenye benchi karibu na mlango mkubwa, mahali ambapo mgeni angetuona sisi kabla hajaona cherehani hata kimoja. Ilikuwa Agosti 2016. Afisa kazi alikuwa anakuja kukagua, na kwa mwaka ule wa kutumbua majipu, serikali ilipokuwa ikiwafukuza wazembe, hakuna meneja aliyekuwa analala vizuri akisikia mtu wa serikali yuko njiani.

Kiwanda kilikuwa pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na kilikuwa na wafanyakazi 200 na kidogo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Piga hesabu: watu sita. Walikuwepo watano nilipopeleka cheti changu cha ushonaji, na mimi nikawa wa sita. Hilo sikulijua siku ile. Nilidhani wamekiona cheti.

Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kushoto umepooza wote, lakini wa kulia una uhai kuanzia gotini kwenda juu. Unyayo ndio haufanyi kitu. Nilisomea ushonaji pale Yombo, kwenye chuo cha serikali cha watu wenye ulemavu, na mwalimu wetu alikuwa mtu asiyekubali neno "siwezi" kabla hajaangalia mashine kwanza. Cherehani changu alikifungia kipande cha bati upande wa kulia, usawa wa goti, kikaunganishwa na fimbo inayovuta mota. Badala ya kukanyaga pedali, nasukuma kwa goti. Nilishona mashati, sare za shule, hata suti mbili. Nilipomaliza nilikuwa fundi, na najua ninachosema ninapojiita fundi.

Siku ya kuajiriwa hawakunipa kitambaa. Bosi wa utumishi aliyatazama magongo, akaandika, akaniuliza kama ninaweza kupanda ngazi za kwenda chooni. Nikamweleza habari ya bati la goti, kwamba vyerehani vyao vya umeme vinaweza kufungwa vilevile. Akasema tutaliangalia. Nikapewa kiti, meza na mkasi mdogo, nikate nyuzi zilizobaki kwenye mashati yaliyokwisha kushonwa.

Nilizikata kwa miezi minane.

Sisemi kazi ya kukata nyuzi ni ya kudharau. Wapo kina dada waliokuwa wakiifanya kwa kasi ya ajabu, na shati haliendi sokoni bila wao. Lakini wao walikuwa na idadi ya kufikisha kwa siku, na mimi sikuwa nayo. Nikikata mashati 40, sawa. Nikikata 300, sawa. Nikiacha uzi unaning'inia, dada wa jirani alilivuta shati taratibu, akalimalizia yeye, akanitabasamulia. Kwa miezi minane hakuna aliyenirudishia shati hata moja. Walikuwa watu wema, na wema wao ulinifanya nijione kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, asiyetakiwa kushika ufagio.

Mshahara ulikuja tarehe ileile ya wenzangu, hapo siwezi kusema uongo. Mama yangu kule Muheza alikuwa amekwisha watangazia majirani kwamba mwanawe anashona mashati ya kiwandani. Kila nikimpigia simu aliniuliza, "Leo umeshona mangapi, baba?" Nikamtajia namba. Namba hizo bado zinanichoma.

Yule mzee wa mkono mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Yeye aliajiriwa zamani, enzi za viwanda vya umma, wakati wa sheria ya 1982 iliyomtaka mwajiri mwenye watu 50 kwenda juu aajiri asilimia mbili. "Mwanangu," akaniambia tukiwa tunakula ubwabwa, "asilimia imeongezeka, benchi ni lilelile."

Basi siku hiyo tukakaa kwenye benchi. Afisa kazi aliingia kama saa nne, mama wa makamo, mkoba begani na daftari mkononi. Alisalimia, akatuhesabu kwa macho, na bosi wa utumishi akampa faili. Majina sita, namba sita za wafanyakazi, picha sita. Nikadhani mambo yameishia hapo.

Alianza na wale viziwi. Akawauliza wanafanya kazi gani, na wao wakatabasamu kwa sababu walimwona anatabasamu. Hakukuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Bosi akajibu kwa niaba yao: wanafurahia sana, hawana malalamiko. Mimi Yombo niliishi bweni moja na viziwi kwa miaka miwili, na lugha yao naijua ya kutosha kuombea chai na kulalamikia mshahara. Nilijua kwamba hao wawili walikuwa na jambo la kusema: kengele ya hatari ya kiwanda ilikuwa ya sauti tupu, na siku ya zoezi la moto walibaki ndani peke yao wakikunja nguo mpaka mtu alipokumbuka kurudi kuwaita. Ningeweza kunyanyua mikono nikawatafsiria. Sikunyanyua. Niliogopa. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo ningependa kurudi nyuma nilifanye upya.

Akafika kwangu.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya kazi gani hapa?"

"Nakata nyuzi."

"Umesomea nini?"

"Ushonaji. Yombo, miaka miwili."

Akanyanyua macho kutoka kwenye daftari. "Sasa mbona hushoni?"

Bosi akawahi. "Kwa hali yake, mama, tulimpa kazi nyepesi. Tunamwonea huruma."

"Nimemuuliza yeye," akasema, bila ukali wowote.

Pale nikaona chumba changu cha Vingunguti na kodi ya miezi mitatu iliyokuwa inadaiwa. Nikaiona daladala ya asubuhi, konda anayepiga bodi gari iondoke kabla magongo hayajaingia yote. Mwendokasi ilikuwa imeanza Mei mwaka ule, vituo vyake vikiwa usawa mmoja na sakafu ya basi, lakini ilipita Barabara ya Morogoro, si kwetu. Nikafikiria kurudi kuanza upya, kugonga mlango mwingine, kuhesabiwa kwenye orodha nyingine. Kisha nikasikia sauti ya mama: leo umeshona mangapi?

"Ni pedali, mama," nikasema. "Mguu wangu haukanyagi, ila goti linasukuma. Nikifungiwa bati la goti, nashona kama wao."

"Uliwaambia?"

Kimya. Hata yule mzee aliinamisha kichwa.

"Siku ya kwanza."

Aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza akamgeukia bosi, akamwambia kwamba sheria haikuishia kwenye kuajiri. Mwajiri anapaswa pia kumrekebishia mtu mazingira aweze kufanya kazi aliyoajiriwa. Akauliza bati la goti linagharimu kiasi gani. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Alipoondoka niliitwa ofisini. Nikaambiwa nimewaaibisha watu walionisaidia. Nilitetemeka, na nilijibu neno moja tu: samahani. Naandika hivi kwa sababu najua kuna mtu amekaa kwenye benchi kama lile sasa hivi, naye anadhani wengine wote ni majasiri.

Siku tatu nilikata nyuzi bila mtu kunisemesha. Ya nne, baada ya chakula cha mchana, akaja fundi mitambo, mzee wa Kilwa, na futi kamba shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sogea kwenye kile cherehani cha mwisho. Sukuma kiganja changu kwa goti." Nikasukuma. "Kumbe una nguvu, mwanangu. Wameniambia huna."

Alikwenda kwenye vyuma chakavu nyuma ya karakana, akarudi na kipande cha nondo na bati lililokatwa kwenye kabati la zamani. Akapinda, akachomelea, akafunga. Bati lilikuwa linaumiza goti, akalivisha mpira wa tairi la baiskeli. Alianza saa nane, na saa kumi haikufika bado nilipoliegemeza goti mara ya kwanza, mota ikaitika. Hakuna kilichonunuliwa. Miezi minane ilikuwa imezuiwa na kazi isiyofika saa mbili.

Niliwekwa kwenye laini ya mifuko ya mashati. Siku ya kwanza nilikuwa mzito. Mota ya kiwandani ni kali kuliko ya chuoni, ukigusa tu inakimbia. Wenzangu walinipita mara mbili. Shingo iliniuma, goti liliwaka moto. Jioni nikampigia mama, akauliza swali lake, na mara ya kwanza nikamtajia namba ya kweli. Ilikuwa ndogo kuliko zote nilizowahi kumwambia. Akasema, "Leo umechoka, baba?" Nikamwambia ndiyo, leo nimechoka.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, mkaguzi wa laini yetu, binti mmoja mwembamba aliyekuwa anaogopwa na kila mtu, akaja na furushi langu kwapani. Alikuwa ameweka alama ya chaki kwenye shati moja, la pili, la tatu, mpaka la kumi na nne. Akalitupa mezani kwangu.

"Mifuko imepinda. Fumua yote."

Akaenda zake kwa mwingine, hakungoja hata nijibu. Nikatoa wembe, nikalivuta shati la kwanza.