Nzi wa Mwaloni amekubali kung'aa

Jaribio la 14 la kumchora nzi kwa rangi za maji limekaa. Nimelibana ukutani kwa pini, nikarudi nyuma hatua tatu, na mgongo wa nzi ukanimulika kama bati jipya. Imenichukua miezi mitatu, karatasi za pamba mbili na nusu, na friji ambayo mama sasa haifungui bila kuuliza kwanza kuna nini ndani.

Kwa aliyejiunga leo: mimi ni fundi wa mabango. Naandika majina ya maduka, ya mitumbwi na ya migongo ya daladala. Wadudu ni kazi ya jioni na Jumapili. Kereng'ende wawili mmeshawaona, na kipepeo mweupe pia. Mambo ya bikari, kukuza vipimo mara kumi, na kuhamisha mchoro kwenye karatasi safi sitayarudia. Leo nina habari moja tu: kung'aa.

Nzi mwenyewe ni yule wa kijani anayependa matumbo ya samaki. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, hakosekani. Nilienda na kichupa cha dawa, nikachuchumaa karibu na magunia ya dagaa. Mama mmoja akanitazama, akavuta kanga akafunika beseni lake. "We kaka, ni bwana afya?" Nikamwambia hapana, natafuta nzi wa kuchora. Akamwita mwenzake aje asikie kwa masikio yake. Wakaniacha nizunguke, na kila nilipomkosa nzi walishangilia kama wako uwanjani siku timu ya Pamba imefunga.

Nyumbani nzi anaingia friji dakika chache. Si kwenye barafu, akifa huko miguu inajikunja na huna tena mkao wa kuchora. Akipoa anatulia, unapata muda wa kumtazama akiwa hai kabla hajapata joto akaondoka zake. Mama alikikuta kichupa kando ya sato. "Mwanangu, watu wanawafukuza nzi, wewe unawapoza?" Sikuwa na jibu.

Sasa tatizo. Kwenye bango, mng'ao ni kitu cha mwisho. Herufi imekauka, unachovya brashi kwenye nyeupe, unapiga mstari mmoja kwenye kona, mteja anasema "hapo sasa!" na unapokea hela yako. Mkono wangu umefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Kwenye rangi za maji mkono huohuo ndio ulioniangusha. Majaribio ya 1 hadi 5 nilipaka mgongo wote kijani, kisha nikaweka nyeupe juu. Mara zote tano nilipata nzi aliyedondokewa na chokaa. Nyeupe ile ni nzito, inaketi juu ya rangi, haitoki ndani yake. Bango linatazamwa ukiwa barabarani, linasamehe. Nzi wa sentimita tisa kwenye karatasi hasamehi.

Basi nikasema nitaiacha karatasi yenyewe iwe nyeupe. Kila mtu anasema hivyo na ni kweli, ila hawakwambii uache wapi. Jaribio la 6 na la 7 nilitumia ule utomvu wa mpira wa kufunikia, unaoupaka, unapaka rangi juu yake, kisha unaubandua. Kwenye karatasi ya kawaida ulibanduka na ngozi ya karatasi. Kwenye ya pamba ulibanduka vizuri, ukaacha kidirisha chenye kingo nene kama kimekatwa na mkasi butu. Na uliniulia brashi. Anayeupenda aendelee kuupenda, mimi nimempa mtoto wa jirani achezee.

La 8 lilikuwa linakwenda vizuri. Nilikuwa nimewasha taa, dirisha wazi kwa sababu ya joto, na usiku ule ndio wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi waliamua kuja mjini. Mnajua wanavyofuata taa. Asubuhi nzi wangu alikuwa na abiria wasiopungua thelathini, wamekaukia mgongoni. Nimeitunza karatasi ile. Kwa kweli inavutia kuliko nilichokusudia.

La 9 hadi la 12 naziita njegere. Kijani safi, kimepakwa vizuri, mviringo mzuri, kidirisha cheupe mahali pake, mwanga kutoka juu kushoto kama desturi inavyotaka. Na bado njegere. Nilikuwa nalainisha kila ukingo, kutoka mwanga hadi giza polepole, kama mtu anayechora chungwa. Nilikasirika hadi nikaruka herufi moja kwenye bango la duka la vifaa vya umeme, na mwenye duka ndiye aliyeligundua kosa.

Jibu nililipata kijiweni, kwenye tenki la bodaboda. Kijana aliniita nimwandikie jina la mwanawe. Tenki lilikuwa la kijani, limepigwa polishi asubuhi ileile. Nikiwa nimepiga magoti na kipande cha chaki mkononi nikaona kitu ambacho nimekitazama maisha yangu yote: tenki halikuwa na kijani sehemu kubwa. Juu lilikuwa na mbingu, buluu hafifu karibu na nyeupe. Katikati ulipita mstari mweusi, mkali, ambao ulikuwa nyumba na miamba ya ng'ambo ya barabara. Chini yake kijani cha njano, kile kinachorudishwa na vumbi la chini. Na mimi mwenyewe nilikuwamo, doa jeusi lenye kofia.

Nilirudi nyumbani mbio. Kijani cha nzi yule si rangi iliyomo ndani ya ngozi kama rangi ilivyo kwenye kitambaa. Ganda lake lina matabaka membamba mno yaliyopandana, na mwanga unaporudi kutoka kwenye matabaka hayo ndipo kijani kinapotokea. Ndiyo maana ukimwinamisha chini ya lenzi kijani kinasogea kuelekea buluu. Kwa hiyo ni kioo cha kijani. Nilipomweka chini ya lenzi mara hii sikutafuta umbo la mviringo, nilitafuta dirisha langu. Lilikuwepo, na nondo zake zote.

La 13 lilikuwa la haraka, la kujaribu tu. La 14 nilifanya hivi. Kwanza buluu nyepesi sana kuzunguka dirisha, na njano ya limau chini kabisa pembeni mwa tumbo. Ikauke. Kisha kijani cha thalo, ile yenye alama PG7 kwenye tyubu, nikikipitisha kandokando ya dirisha bila kulainisha upande wa juu. Ikauke. Kisha giza, na hapa ndipo roho ilipokuwa mkononi: mstari mweusi unagusana na dirisha jeupe moja kwa moja, hakuna kijani kati yao. Weusi wenyewe si wa boksi. Ni kijani kilekile kikichanganywa na nyekundu nzito, unatoka mweusi wenye uhai. Thalo ikishika karatasi haitoki hata uisugue, kwa hiyo ukikosea umekosea. Vinyweleo mwishoni. Ulipokauka mstari ule, nzi akawaka.

Jua la mchana la hapa linakausha rangi kabla hujafika mwisho wa mpako mmoja. Tone moja la glisarini ya duka la dawa kwenye maji limenisaidia. Moja, si mawili, nilijaribu mawili na karatasi ikabaki inanata siku mbili.

Brashi: acheni kununua zile ndogo kuliko zote za nywele tatu. Hazibebi maji, zinakauka njiani. Namba 2 yenye ncha nzuri inachora unyweleo wa nzi na bado ina rangi ya kutosha kumaliza mguu. Karatasi ni hadithi nyingine. Nataka ya pamba tupu, laini, gramu 300 kwa mita ya mraba, na lazima niagize kutoka ng'ambo. Mtu unaishi Usukumani, babu alilima pamba, barabara ya mjini inaitwa Pamba, timu unayoshangilia ni Pamba, TP Lindanda wenyewe, halafu karatasi ya pamba inakuja kwa ndege. Sina la kuongeza hapo.

Makosa yaliyobaki: nimesahau vile virungu viwili vidogo nyuma ya mabawa vinavyomweka nzi sawa akiruka. Vyote viwili. Na nilikuwa nimeandika pembeni "dume", wakati macho yake yameachana wazi kabisa, kwa hiyo ni jike. Nimefuta neno, virungu nitavichomeka.

Mpango ulikuwa karatasi moja kubwa ya wadudu kumi na wawili wa Mwaloni, huyu akiwa wa kwanza. Umelala. Mvua zimeanza, na juzi mtoto wa jirani (yuleyule wa utomvu) ameniletea senene aliyemkuta chini ya taa. Si wa kijani, si wa kahawia. Ana zambarau, imepanda kutoka miguuni na kuenea hadi kwenye bawa, na haing'ai hata kidogo, ni kama vumbi la zambarau juu ya nyasi kavu. Nimeshachanganya zambarau saba na hakuna inayofanana. Yuko chini ya glasi mezani. Mama amekuja kumtazama, ameridhika kwa mara ya kwanza tangu mradi huu uanze, ila amesema nikichelewa hadi Jumapili atamkaanga.