Siku moja na Darasa langu la Nne

Saa 12:45 asubuhi. Nafika shuleni, nje kidogo ya Moshi, kabla ya kengele. Leo Hisabati ni sehemu, kwa hiyo nakata karatasi kuukuu za kutosha kila dawati, na nyingine nazichorea mistari kwa kalamu nene nyeusi. Darasa langu lina watoto zaidi ya 60. Yumo binti mwenye ualbino, yumo mvulana kiziwi, na wapo kadhaa ambao kusoma bado kunawatesa ingawa hakuna aliyewahi kuwapima. Siwezi kuandaa somo la kila mmoja. Naandaa moja, lenye milango mingi.

Saa 1:30. Paredi. Binti amevaa kofia pana na mikono mirefu, na amekwisha kupaka mafuta ya kukinga jua, yale yanayotengenezwa pale hospitali ya KCMC, hapa Moshi. Michezo ya uwanjani tuliisogeza asubuhi mapema kwa ajili yake.

Saa 2:00. Hisabati. Binti anakaa mbele, mbali na dirisha, maana mwanga mkali humuumiza. Nafasi hiyo aliichagua mwenyewe baada ya kujaribu madawati kadhaa. Macho yake huchezacheza, na akiinamisha kichwa upande yanatulia, ndipo anaona. Tafadhali walimu wenzangu, mtoto wa namna hii msimwambie "kaa vizuri, nyoosha shingo". Mkao huo ndio unaomsaidia kusoma. Miwani humsaidia kwa kiasi, lakini haimalizi tatizo.

Kila ninachoandika ubaoni nakisoma kwa sauti. Kisha naweka chaki chini, nageukia darasa, ndipo naeleza, kwa sababu mvulana wangu hawezi kufuata midomo ya mtu aliyempa kisogo. Naongeza lugha ya alama, na alama nisizozijua ananifundisha yeye.

Wanakunja karatasi mara moja: nusu. Mara ya pili: robo. Mvulana anaona, binti anapapasa mkunjo. Nauliza, ipi kubwa? Wengi waliopaza sauti "robo!" ni wale wenye macho na masikio mazima, eti kwa kuwa 4 inazidi 2. Tunakata vipande, tunavipandanisha, kelele inaisha. Karatasi zile nilidhani ni za wachache.

Saa 4:00. Uji, kivulini.

Saa 4:30. Kiswahili, ufahamu. Wanasoma wawili wawili, na wenza nawabadilisha kila wiki. Msaidizi akiwa yuleyule siku zote hugeuka msemaji wa mwenzake, na mwenzake huacha kujibu. Hilo nalikataa kabisa.

Saa 8:00 mchana. Bibi anayemlea binti amekuja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Huyu mjukuu wangu, mtihani wa taifa atauona kweli?"

Namweleza kwamba Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kinachotakiwa ni mahitaji yake yaandikwe mapema wakati wa kusajili. Ndiyo maana hata majaribio ya darasani nampa muda huohuo, azoee kuutumia. Bibi anauliza tena, taratibu, kama kweli hakuna malipo. Hakuna, bibi.

Saa 9:30. Nasahihisha. Mmoja wa wanaosoma kwa taabu ameacha maneno yote, amechora mstatili, akaugawa sawasawa na kutia rangi robo tatu. Nampa alama zote. Nilipima sehemu, sikupima insha. Kesho ni kujumlisha sehemu zenye asili moja, na karatasi zimeniishia. Naenda stoo kuomba maboksi matupu ya chaki.