Una risiti?

Birika langu la umeme liliharibika Jumapili asubuhi, Januari 2014, mjini Leipzig, nje theluji ikifika vifundoni. Nilibonyeza swichi, kitaa chake cha buluu hakikuwaka. Nikachomoa waya, nikahamia soketi nyingine, nikalitikisa kidogo kama tunavyotikisa redio. Wapi. Na birika lile ndilo lililokuwa jiko langu. Jiko la bweni lilikuwa ghorofa ya chini na tulilitumia watu kumi na wawili, kwa hiyo chai, uji wa haraka, maji ya kunawa uso asubuhi yenye baridi, vyote nilivipata kwenye birika.

Nilikuwa nimelinunua Oktoba, wiki yangu ya kwanza Ujerumani, katika duka kubwa la vifaa vya umeme. Yuro 24 na senti 99. Siku hiyo niliikumbuka kwa uchungu kwa muda mrefu, na ili mtu aelewe kwa nini, lazima nianzie Kariakoo.

Mama yangu aliuza vyombo, jirani na Mtaa wa Kongo. Sufuria, hotipoti, vikombe, chupa za chai. Mimi nimekulia kwenye duka hilo, chini ya meza yake, halafu juu ya stuli, halafu nyuma ya kaunta. Kwetu mteja hajafika mlangoni ameshaitwa: "Karibu mama, ingia, kuangalia bure." Akiingia anavutiwa stuli. Jua likiwa kali, kijana anatumwa soda. Anaulizwa habari za nyumbani, na akisema mtoto anaumwa, mama anaacha biashara kwanza amwambie dawa anayoijua. Kisha bei. Mama akitaja elfu sita, mteja anasema elfu tatu, mama anacheka, mteja anainuka kama anaondoka, anaitwa, wanakutana elfu nne na mia tano, na kijiko kimoja juu kama nyongeza. Wote wawili wanaagana wamefurahi.

Sasa nitoe huko, unipeleke Leipzig. Nilisimama mbele ya rafu ya mabirika karibu dakika kumi nikisubiri mtu aje kunikaribisha. Vijana wawili wenye fulana za duka walinipita. Nikamfuata mmoja, nikamwuliza kwa Kijerumani changu cha kozi kama bei inaweza kupungua. Akatazama kibandiko, akanitazama mimi, akasema, "Bei ni hiyo hapo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Kwa keshia nikasalimia, nikataka kumwuliza za asubuhi, yeye akanitajia jumla. Alinihesabia chenji mpaka senti moja, akaweka risiti juu yake, na macho yake yakawa yameshahamia kwa mtu wa nyuma yangu. Nilikuwa bado natia sarafu kwenye pochi vitu vya yule mtu vilipoanza kugusa mkono wangu.

Nilitoka pale najihisi kama mtu aliyenunua kitu kwenye nyumba isiyo na wenyewe. Ndani ya tramu machozi yakanitoka.

Ile senti moja sikuitumia. Niliiweka pamoja na risiti katikati ya kurasa za kamusi. Nilikotoka, muuzaji akikosa chenji ya shilingi hamsini anakupa pipi, na hakuna anayeona ajabu. Sikujua kwa nini niliitunza. Labda kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho yule keshia alinipa mkononi.

Basi Jumapili ile ya Januari nikagonga mlango wa jirani yangu, kaka mmoja wa Bujumbura, mtoto wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya barazani. Nilitaka kuazima birika tu. Akaniuliza swali moja:

"Dada, una risiti?"

"Ninayo. Lakini kaka, ni miezi mitatu sasa."

"Lirudishe kesho. Leo maduka yamefungwa."

Nikamwambia watanifukuza. Akatikisa kichwa, akanipa birika lake, akarudia, "Kesho."

Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya birika. Nilimkumbuka mama mmoja wa Kisarawe.

Ilikuwa 2003, likizo ya Juni, nina miaka 13. Alikuja dukani kununua chupa ya chai kwa ajili ya wageni wa posa ya binti yake. Alichagua nyekundu yenye maua. Mama alimpa kiti, akamwagizia soda, wakazungumza habari za mahari na mashangazi mpaka nikachoka kuwasikiliza. Siku tatu baadaye alirudi ameifunga ile chupa ndani ya kanga. Kioo cha ndani kilikuwa na ufa. Ukiinamisha, maji yalichuruzika chini. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akaiweka chupa juu ya kaunta taratibu, na kuieleza hali yake akaieleza taratibu vilevile, bila kumlaumu mtu.

Mama yangu alikuwa anahesabu fedha za mzigo. Hakuinua uso. Ukutani nyuma yake palikuwa na kibao, na maneno yayo hayo yalipigwa mhuri chini ya kila karatasi ya kitabu chetu cha risiti. Yule mama hakujua kusoma. Mama akaniambia, "Msomee."

Nikamsomea. "Mali ikishauzwa hairudishwi."

"Sawa, mwanangu," akasema. Akaifunga tena ile chupa kwenye kanga, fundo kwa fundo, akatoka. Hakuna aliyemwambia karibu tena.

Hayo ndiyo yaliyonikesha. Asubuhi nililisugua birika kwa siki mpaka chokaa yote ya maji ikatoka, likang'aa kama jipya, nikavaa koti langu zuri. Ndani ya tramu nilikariri hotuba: mimi ni mwanafunzi, natoka mbali, sikulidondosha, sikuliloweka, naomba tafadhali mnifikirie. Nilishaamua hata kwamba wakikataa nitaomba angalau walitengeneze kwa nusu bei.

Kwenye kaunta alikuwepo mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akasema salamu moja, basi. Nikafungua mdomo nianze hotuba.

"Kassenbon?" akauliza. Risiti.

Nikampa. Wino ulikuwa umeanza kufifia, akaisogeza kwenye mwanga wa taa akasoma tarehe. Kisha akachomeka birika kwenye soketi ya kaunta, akamimina maji kidogo kutoka chupa yake mwenyewe ya kunywa, akabonyeza. Tukasubiri wote wawili. Akaweka kiganja ubavuni mwa birika, akakiacha pale kama anayempima mtoto homa. Baridi. Akamwaga maji kwenye ndoo, akaanza kuandika kwenye kompyuta.

Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Nikaanza: mimi ni mwanafunzi, sikulidondosha. Akainua mkono.

"Limeharibika," akasema. "Yatosha. Unataka jipya au fedha?"

Nikasema jipya. Akanipa karatasi, akanielekeza rafu ilipo nikachukue mwenyewe. Hakutabasamu mwanzo wala mwisho. Saa ya ukutani ilikuwa haijamaliza dakika tano. Nilisimama mbele ya rafu ile ile ya Oktoba, hakuna aliyenikaribisha, na magoti yalikuwa yananitetemeka.

Baadaye yule kaka wa Buyenzi alinieleza ilivyo. Sheria ya Ujerumani, tangu marekebisho ya 2002, inampa mnunuzi miaka miwili ya kumdai muuzaji kwa kasoro iliyokuwemo kwenye kitu. Na siku zile kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya mwanzo, ilihesabiwa ilikuwemo tangu kuuzwa, na muuzaji akibisha ni yeye aliyepaswa kuthibitisha. Tangu 2022 miezi hiyo imekuwa 12. Kwa hiyo yule mama mwenye miwani hakunifanyia hisani, na nadhani ndiyo maana hakuwa na haja ya kunihurumia, wala mimi sikuwa na haja ya kuhurumiwa. Hotuba yangu yote ya kwenye tramu ilikuwa ya kuomba kitu ambacho tayari ni changu.

Hata kwetu sheria ya kumlinda mlaji ilikuwepo. Sheria ya Ushindani ilipitishwa 2003, mwaka ule ule wa chupa nyekundu. Lakini mimi mtoto wa dukani sikuwa nimewahi kuisikia, na yule mama wa Kisarawe nani angemsomea? Alisomewa kibao.

Sikubaliani na wanaosema ukarimu wa Kariakoo ni ujanja wa kuuzia tu. Nimekaa kwenye stuli ile, nimeona. Soda ile ilitoka moyoni, na habari za mahari mama alizisikiliza kwa masikio yote mawili. Kinachoniuma ni kwamba ukarimu wetu wote tuliumaliza kabla ya fedha kubadilisha mikono. Baada ya hapo hatukuwa tumeweka akiba yoyote.

Jumamosi nilinunua kadi ya simu nikampigia mama. Nikamsimulia habari ya birika, kwa urefu, mpaka kiganja.

"Hata kiti hakukupa?"

"Hakunipa."

"Maji?"

"Hapana, mama. Maji yake alilimiminia birika."

Akaguna. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara: "Na hiyo hasara yeye anampelekea nani?"

Nikamwambia duka linamrudishia aliyewauzia, naye kiwandani.

"Mimi ningempelekea nani?" akasema, na sauti yake ikapanda. "Mzigo nachukua kwa jumla kwa mwagizaji. Nikishafungua katoni, hanijui. Naye kaleta kontena toka China, kule hawamjui. Mimi na katoni yangu moja ningempelekea nani?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kila aliyekuwa juu aliishusha hasara kwa aliye chini yake, mpaka ikamfikia mtu mwenye kanga na nauli ya kurudi Kisarawe.

Simu ikanyamaza muda mrefu, nikadhani kadi imekwisha.

"Yule mama wa Kisarawe," akasema. "Mwenye chupa nyekundu."

Sikuwa nimemtaja.

"Mimi ndiye niliyekwambia umsomee," akasema.

Nikamwambia nakumbuka. Akauliza kama birika jipya linachemsha vizuri. Nikamwambia linachemsha.