Ukaguzi wa Aina Ambao Hatukuufuta

Katika mradi mmoja wa lugha ya programu ya Python niliowahi kuufanya na wenzangu, kulikuwa na klasi (kiolezo cha kuundia vitu katika programu) ya kuwaarifu wateja ambayo, kila ilipoundwa, ilikagua kwa isinstance, kipimo cha Python cha kujua kitu ni cha klasi gani, kwamba imepewa MtumaUjumbe halisi, yaani kitu cha klasi yetu ya kutuma ujumbe, na isipopewa hicho ilirusha kosa la TypeError papo hapo. Mwenzetu mmoja, akiandika majaribio yake, hakutaka ujumbe wa kweli uende mtandaoni, hivyo akaweka Mock tupu, yaani kitu bandia cha majaribio, mahali pa mtumaji, na majaribio yote yakaanguka kabla ya kufikia jambo lililokuwa likipimwa.

Alipendekeza tuufute ukaguzi ule, kwa kuwa mypy, programu inayokagua aina bila kuuendesha msimbo, ilikuwa imeupitia bila kulalamika. Nilipinga kwa nguvu, kwa sababu mypy huikubali Mock mahali popote, hata pale aina nyingine ilipotajwa waziwazi, kwa hiyo ukimya wake haukuthibitisha lolote.

Tuliketi pamoja tukaandika Mock(spec=MtumaUjumbe), yaani Mock iliyoambiwa iige MtumaUjumbe. Kitu bandia cha namna hiyo hujitambulisha kupitia __class__ kuwa ni cha klasi kinachoiiga, ndiyo maana isinstance hukipokea, na ukikiomba methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) isiyokuwemo katika klasi hiyo hurusha kosa la AttributeError. Majaribio yakapita. Mwenzangu aliridhika, lakini mimi sikuridhika, maana spec hulinda majina tu, wala haiangalii methodi imeitwa kwa agumenti ngapi, yaani imepewa thamani ngapi. Nikaomba tutumie create_autospec, ambayo huangalia na agumenti pia, pamoja na instance=True, ili iige kitu kilichoundwa na si klasi yenyewe.

Jaribio moja likaanguka tena, na safari hii lilianguka kwa haki: methodi ya tuma ilikuwa imeongezewa agumenti ya lazima, yaani lugha ya ujumbe, ilhali methodi yetu ya arifu iliendelea kuiita kwa mpokeaji na maandishi peke yake. Mypy haikuliona kosa hilo kwa sababu arifu haikuwa imeandikiwa aina yoyote, na methodi ya namna hiyo mypy haiikagui ndani isipoamriwa. Tulipoiandikia aina, mypy ikaonyesha mstari uleule.

Tulirekebisha wito ule, ukaguzi wa isinstance ukabaki. Lilisalia jambo dogo: sifa ya anwani, ambayo MtumaUjumbe huiweka ndani ya __init__ (methodi inayoendeshwa kitu kinapoundwa), haionekani kwa create_autospec, kwa hiyo tukaiweka kwa mkono katika kila jaribio lililoihitaji.