Kumbukumbu ya mradi wangu: lebo za hifadhidata, kuanzia usiku wa saa nane

Siku ya 1

Kwa usiku wa tatu mfululizo, programu yangu ya orodha ya vitabu ilianza kukatika muda mfupi baada ya saa nane, ikasumbua dakika sita au saba, kisha ikatulia bila mtu kuigusa. Logi zilirudia mstari uleule: muunganisho umekataliwa, poti 5432 (mlango wa kawaida wa hifadhidata ya PostgreSQL). Ajabu ni kwamba si kila ombi lilikataliwa. Moja lilipita, lililofuata likagonga mwamba, la tatu likapita.

Kwa anayesoma kumbukumbu hizi kwa mara ya kwanza: nina klasta (kundi la mashine) ndogo ya Kubernetes, mfumo unaoendesha programu ndani ya kontena, yenye mashine tatu, na ndani yake hifadhidata tatu za PostgreSQL. Moja ni ya vitabu, moja ya picha, na moja hupokea vipimo vya hali ya hewa kutoka kwenye vihisi vyangu. Kila moja ina nemspesi yake, yaani sehemu yake iliyotengwa ndani ya klasta. Nilizijenga kwa nyakati tofauti, na kila mara nilinakili faili ya YAML (maandishi yanayoiambia Kubernetes iendeshe nini) ya mradi uliotangulia nikabadilisha majina.

Leo nilikesha. Kabla ya saa nane niliuliza ni anwani zipi zilizo nyuma ya huduma ya hifadhidata ya vitabu, yaani jina la kudumu linalopokea maombi na kuyapeleka kunakohusika:

```
kubectl get endpointslices -n vitabu \
  -l kubernetes.io/service-name=vitabu-db
```

Anwani moja, kama inavyotakiwa. Saa nane na dakika moja nikauliza tena: anwani mbili. Ya pili ilikuwa ya podi (kontena linaloendeshwa na Kubernetes) inayochukua nakala rudufu, ile ambayo CronJob, kazi ya ratiba, huianzisha kila usiku ili iendeshe `pg_dump`, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala.

Nilipofungua faili ya CronJob nikaikuta sababu. Niliponakili kutoka kwenye StatefulSet (kitu kinachoendesha podi ya hifadhidata pamoja na diski yake), nilibeba pia lebo `app: postgres`, yaani jina na thamani vinavyobandikwa kwenye podi. Huduma yangu nayo ilikuwa na kichaguzi, yaani sharti la lebo inazozitafuta, chenye mstari mmoja tu: `app: postgres`. Huduma haijui hifadhidata ni nini. Inachojua ni kwamba kila podi ya nemspesi yake yenye lebo hiyo, ikiwa tayari, inastahili kupelekewa maombi. Podi ya nakala haikuwa na kipimo chochote cha utayari, kwa hiyo ilihesabiwa kuwa tayari mara tu kontena lake lilipoanza. Hakuna programu iliyosikiliza poti 5432 ndani yake, hivyo karibu nusu ya miunganisho mipya ilienda kugonga mlango usio na mtu.

Kilichonitia baridi zaidi ni kwamba `pg_dump` yenyewe ilipitia huduma hiyohiyo. Iliweza kuelekezwa kwake yenyewe. Ilifaulu kwa sababu iliwahi kuunganishwa kabla anwani yake haijaingia kwenye orodha. Kabla ya kulala nilizikagua nakala za wiki mbili zilizopita moja baada ya nyingine. Zote zimekamilika. Nilishukuru.

Siku ya 2

Ningeweza kufuta mstari mmoja kwenye CronJob nikaendelea na mambo mengine. Niliufuta kweli, usiku wa leo usiharibike. Lakini kilichotokea kilinionyesha kwamba nimekuwa nikizichukulia lebo kama maandishi ya juu ya boksi, kumbe ni nyaya. Ukiibandika, kuna kitu mahali fulani kinachoungana nayo. Kwa hiyo nimeamua kuzipanga upya hifadhidata zote tatu.

Kubernetes ina seti ya lebo zinazopendekezwa, zote zikianza na `app.kubernetes.io/`. Nimezifuata badala ya kubuni zangu, kwa sababu zana nyingi tayari zinazielewa. Za vitabu sasa ni hizi:

```yaml
app.kubernetes.io/name: postgresql
app.kubernetes.io/instance: vitabu
app.kubernetes.io/component: hifadhidata
app.kubernetes.io/part-of: maktaba
app.kubernetes.io/version: "16"
```

Podi ya nakala inashiriki `instance` na `part-of`, lakini `component` yake ni `nakala`. Kichaguzi cha huduma sasa kinadai vitu viwili kwa pamoja: `instance: vitabu` na `component: hifadhidata`. Nikitaka kuona kila kinachohusu maktaba, natafuta kwa `part-of`. Nikitaka kila kitu isipokuwa kazi za nakala, naandika `'app.kubernetes.io/component notin (nakala)'`. Nilipoijaribu mara ya kwanza nilifurahi kweli. Swali ambalo zamani lingenipeleka kwenye faili nne linajibiwa kwa mstari mmoja.

Alama za kunukuu zinazoizunguka 16 ni za lazima. Thamani ya lebo ni lazima iwe maandishi, na YAML ikiona 16 tupu inaisoma kuwa namba, kisha seva inaikataa faili nzima. Mtego huohuo upo kwa `true`.

Uamuzi nilioufikiria kwa muda mrefu kuliko yote ni nini kiingie kwenye kichaguzi cha StatefulSet. Kichaguzi hicho hakibadiliki baada ya kuundwa. Toleo la PostgreSQL litabadilika; ningeliweka humo ningekuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo toleo ni lebo ya kutafutia tu. Kwenye kichaguzi yapo yale ambayo hayatabadilika maisha yote ya hifadhidata hii: jina lake na kazi yake.

Siku ya 4

Leo ndiyo niliibadilisha StatefulSet ya vitabu. Kwa kuwa kichaguzi hakihaririki, ilibidi kuifuta na kuiunda upya, huku hifadhidata ikiwa hai chini yake. Naandika hatua kwa utaratibu kwa sababu nitazihitaji tena kwenye picha.

Kwanza nilichukua nakala rudufu nikairejesha kwenye hifadhidata ya majaribio. Pili, niliibandika podi inayokimbia lebo mpya kwa `kubectl label pod vitabu-0`. Hatua hii hairukwi. StatefulSet mpya ikiikuta podi isiyolingana na kichaguzi chake haitaichukua, na haiwezi kuunda nyingine kwa sababu jina `vitabu-0` limeshikwa. Tatu:

```
kubectl delete statefulset vitabu -n vitabu --cascade=orphan
kubectl apply -f vitabu.yaml
```

`--cascade=orphan` inaifuta StatefulSet na kuiacha podi yake ikiendelea. StatefulSet mpya iliitambua podi, ikaichukua, kisha ikaiwasha upya mara moja kwa sababu kiolezo (maelezo ya namna podi inavyojengwa) kilikuwa kimebadilika. Hifadhidata ilirudi baada ya sekunde chache ikiwa na data yake yote. Diski ilipatikana bila shida, kwani StatefulSet huitafuta PVC (dai la diski la podi) kwa jina, na jina `data-vitabu-0` halikuguswa.

Ila PVC yenyewe imebaki na lebo za zamani. Hupewa lebo inapoundwa, na hakuna anayerudi kuisahihisha. Niliibandika mwenyewe kwa mkono. Hili linaonekana dogo, lakini ndipo data ilipo. Fikiria mtu anaandika `kubectl delete pvc -l mazingira=majaribio` akiamini anafuta za majaribio, na PVC moja ya kweli bado ina lebo ile ya zamani. Diski zilizoundwa papo kwa papo mara nyingi huwa na sera ya kufutwa pamoja na PVC yake, kwa hiyo hakuna pa kurudi. Tangu leo kila amri ya kufuta kwa lebo naianza na `get` yenye kichaguzi kilekile, nasoma orodha mpaka mwisho, ndipo nabadilisha kitenzi. Na diski za hifadhidata zote tatu nimezipa sera ya `Retain`, yaani zibaki hata PVC ikifutwa.

Siku ya 6

Sasa anotesheni, maelezo mengine yanayobandikwa kwenye kitu kama lebo zinavyobandikwa. Kuna mambo niliyotaka yakae karibu na hifadhidata: nakala ziko wapi, kwa nini nilipunguza idadi ya miunganisho, na lini mara ya mwisho nilijaribu kurejesha. Nilianza kwa kuiweka tarehe hiyo kwenye lebo, pamoja na saa. Ikakataliwa, kwa sababu nukta mbili hairuhusiwi. Thamani ya lebo haizidi herufi 63, inaanza na kuishia kwa herufi au tarakimu, na katikati inakubali kistari, kistari cha chini na nukta tu. Nafasi haipiti, wala alama ya @, wala anwani ya wavuti.

Anotesheni hazina vikwazo hivyo. Unaweza kuandika sentensi, JSON, hata aya nzima, mradi zote za kitu kimoja zisivuke KiB 256 kwa jumla. Ila huwezi kuzitumia kama kichaguzi. Kwa hiyo kila taarifa mpya naiuliza swali moja: kuna siku nitataka kuita vitu kwa hili? Nikijibu ndiyo, ni lebo. Nikijibu hapana, ni anotesheni. Zangu nimezipa kiambishi kimoja, `hifadhi.binafsi/`, zisichanganyike na za zana nyingine.

Hapa nilifanya kosa lililonifundisha. Niliiweka `hifadhi.binafsi/jaribio-la-kurejesha` ndani ya kiolezo cha podi. Baada ya jaribio la leo nilisasisha tarehe, nikatuma faili, na hifadhidata ikajiwasha upya mbele ya macho yangu. Faili ya StatefulSet ina sehemu tatu zinazoitwa `metadata`: ya StatefulSet yenyewe, ya kiolezo cha podi, na ya kiolezo cha diski. Ukigusa ya kiolezo cha podi, hata kwa herufi moja ya anotesheni, umebadilisha podi, na podi hujengwa upya. Amri ya `kubectl rollout restart` hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: huandika saa ya sasa kwenye anotesheni ya kiolezo, basi. Tarehe yangu nimeihamishia juu, kwenye `metadata` ya StatefulSet, ambako naweza kuibadilisha kila siku bila podi kuhisi chochote.

Siku ya 11

Hifadhidata ya vipimo vya hewa nimeihamishia kwenye opereta ya CloudNativePG (programu inayosimamia PostgreSQL ndani ya Kubernetes), podi tatu zenye data ileile, kila moja kwenye mashine yake. Nilitaka kuona watu wanaoijua kazi hii vizuri wanazitumiaje lebo.

Wanazitumia kwa namna iliyonivutia sana. Kila podi ina lebo `cnpg.io/instanceRole`, nayo ni `primary` (kiongozi) au `replica` (mfuasi). Huduma ya kuandikia, ambayo kwangu inaitwa `vipimo-rw`, inachagua podi yenye `primary` tu. Nilifungua dirisha moja na:

```
kubectl get pods -n vipimo -L cnpg.io/instanceRole -w
```

Kwenye dirisha la pili nikaifuta podi kiongozi. Opereta ikampandisha mwingine, na lebo ikahama. Huduma ikaifuata lebo, na vihisi vikaendelea kuandika kwa jina lilelile la huduma. Nililirudia jaribio hili mara nne kwa sababu ni jambo zuri kulitazama.

Opereta hii pia imenisahihisha. Siku ya 6 nilidhani anotesheni ni za kusomwa na binadamu tu. Hapana. Ukiandika `cnpg.io/hibernation: "on"` kwenye klasta ya hifadhidata (kitu cha opereta kinachowakilisha podi zote tatu), opereta inaziondoa podi zote na kubakisha diski. Ukiifuta anotesheni hiyo, zinarudi. Hapo tena alama za kunukuu ni muhimu, kwa sababu `on` tupu YAML inaweza kuisoma kuwa kweli badala ya neno. Kwa hiyo kutoweza kutafutwa hakuifanyi anotesheni kuwa salama. Kabla ya kuandika yenye kiambishi cha mtu mwingine, sasa nasoma kwanza ni nani anayeisikiliza.

Lebo zangu za `part-of` nilizoziandika kwenye klasta hiyo ya hifadhidata hazikushuka kwenye podi wala kwenye PVC. Bila kuambiwa, opereta hairithishi chochote. Unatakiwa kuziweka chini ya `inheritedMetadata`:

```yaml
spec:
  inheritedMetadata:
    labels:
      app.kubernetes.io/part-of: hali-ya-hewa
```

Baada ya hapo utafutaji mmoja wa `part-of` unaleta podi, diski na huduma.

Siku ya 13

Saa nane na dakika tano usiku. Nakala ya vitabu inachukuliwa sasa hivi, podi yake iko hai, na nimeuliza anwani za `vitabu-db` mara tatu. Anwani moja kila mara. Orodha ya vitabu inafunguka.

Imebaki hifadhidata ya picha, ambayo bado ina `app: postgres` peke yake. Na kwenye ufuatiliaji, kube-state-metrics (programu inayotoa takwimu za hali ya vitu vya Kubernetes) haitoi lebo za podi mpaka uitajie unazozitaka kwa `--metric-labels-allowlist`. Nitaitajia `instance` na `component` tu, maana kila lebo inayoongezwa huko inazidisha mzigo wa Prometheus, mfumo unaohifadhi takwimu hizo. Picha nitaianza Jumamosi asubuhi, kwa kurejesha nakala kwanza.