Majina ya Kasida Yaliyogeuka Alama za Kuuliza

Ami yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akirekodi kasida katika maulidi ya Mji wa Kale, aliniletea flashi yake baada ya kuambiwa dukani kwamba imeharibika na dawa yake ni kuifomati. Kwenye kompyuta yangu ya Linux, ambako mimi huzipachika diski (yaani kuziunganisha na mfumo ili zisomeke) kwa mkono, kila jina alilolipa faili kwa herufi za Kiarabu lilionekana kama safu ya alama za kuuliza, hata majina yenye idadi sawa ya herufi yakawa hayatofautiki. "Mwanangu, ndiyo yamepotea?" aliniuliza. Hayakupotea.

Flashi ile ni ya FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao huyahifadhi majina marefu kwa Yunikodi, orodha moja ya herufi za maandishi mbalimbali ya dunia, kwa hiyo Kiarabu chote kimo salama. Kiini cha Linux (kernel) ndicho huyageuza majina hayo kwa usimbaji (njia ya kuziandika herufi kama namba) uliochaguliwa wakati wa kupachika, na ukiwa ni iso8859-1, wenye herufi za Ulaya Magharibi tu, alifu na be hazina pa kukaa. Niliichomoa, nikaipachika upya kwa utf8, usimbaji wa Yunikodi:

mount -t vfat -o utf8 /dev/sdb1 /mnt

Majina yote yakarudi. Ninasisitiza utf8 na si iocharset=utf8, kwa sababu ya pili huifanya FAT itofautishe herufi kubwa na ndogo, na kiini chenyewe hutoa onyo.

Diski yake ya zamani ilikuwa na tatizo jingine. Ni ya ext4, mfumo wa faili wa Linux, ambao huhifadhi jina kama baiti tupu bila kujua ni za usimbaji gani, na majina yaliingizwa humo yakiwa ya Windows-1256, usimbaji wa Kiarabu wa Windows. Hapo hakuna chaguo la kupachika linalosaidia. Ni lazima majina yenyewe yabadilishwe, kwa programu ya convmv:

convmv -f cp1256 -t utf8 -r .

Amri hiyo huonyesha tu yatakayobadilika, nayo hutekeleza pale unapoongeza --notest. Tafadhali soma orodha yote kwanza.

Kuna jambo moja ambalo programu haiwezi kulitengeneza. Windows-1256 ina pe, che na ga, lakini haina ڤ, ambayo baadhi ya waandishi wetu huitumia kwa sauti ya v, na enzi hizo ami alilazimika kuandika fe badala yake. Kwa hiyo kila baada ya alasiri tunakaa pamoja, yeye akisikiliza kila kasida na kunitajia jina lake, nami nikiirudisha herufi mahali pake.