Roho yake iko ndani

Usiku wa juzi mbao ililia sebuleni. Ka! Mara moja tu, kavu, kama mtu anayevunja ukuni kwa goti. Mke wangu akasema ni bati, bati hulia kwa baridi ya mwezi wa saba. Sikubishana naye. Nikafunua blanketi, nikachukua simu, nikaenda kumwangalia mzee kwenye kona yake, yaani kontrebasi yangu, ile fidla kubwa kumpita mtu, ya sauti nzito.

Mlio ule naujua. Niliusikia mara ya kwanza Katuba, mtaa wa Lubumbashi kule Kongo, nyumbani kwa mama, mwezi wa nane mwaka 2009.

Mnakumbuka hali ya mwaka ule. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka, kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani katikati ya 2008 hadi karibu 3,000 kufikia Desemba, na vijana wengi wa Lubumbashi tulirudi kwa mama zetu na bahasha ya dekonti, malipo ya kuachishwa kazi, mkononi. Wenzangu walinunua pikipiki. Mmoja alinunua friji akaanza kuuza maji ya baridi, leo ana nyumba Bel-Air. Mimi nilinunua kontrebasi.

Kosa lilianzia Halle de l'Étoile, ukumbi wa utamaduni wa Wafaransa mjini, kwenye tamasha ambalo niliingia kwa sababu lilikuwa la bure. Nilikuwa napiga gitaa besi kwenye kwaya ya parokia, nikijihesabu kuwa fundi. Halafu akatoka bwana mmoja mwembamba, amekumbatia mti mrefu kumpita, akaugusa kwa vidole viwili. Sauti ile haikupitia masikioni. Ilipitia kwenye ubao wa kiti nilichokalia. Nilirudi Katuba kwa miguu, sikusikia hata mbwa.

Nikaulizauliza hadi nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kamalondo. Alikuwa amepiga dansi enzi mji ukiitwa bado Elisabethville. Miaka ya 1950 kontrebasi ndiyo iliyobeba rumba yetu, kisha gitaa besi ya umeme ikaja na spika zake na kuifukuza jukwaani. Ya mzee ilifukuziwa chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya mahindi, ikiwa imefunikwa pazia. Nyuzi tatu badala ya nne, zote zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Rangi imebambuka mabegani. Shevale, kile kibao kinachobeba nyuzi tumboni, kilikuwa pembeni ndani ya sashe pamoja na kipande cha ulimbo wa upinde kilichokauka. Upinde wenyewe haukuwepo. Mzee hakunificha kitu: hii ni plaiwudi, akasema, si mbao ya kuchongwa. Akataka dola 200. Nikasema 120. Akakubali haraka mno, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi.

Tulipokuwa tunaipakia kwenye pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, akaweka kiganja juu ya tumbo la kontrebasi.

“Mwana,” akasema, “roho yake iko mule ndani. Usiache itoke.”

Nusura nilie. Sisi watu wa kwaya maneno ya namna hiyo yanatumaliza. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamjibu, “Ndiyo, papa. Nitaitunza.”

Njia nzima kutoka Kamalondo hadi Katuba kitu kilikuwa kinagonga ndani. Ko. Ko. Kila shimo la barabara, ko.

“Yaya, muko kintu mule ndani,” akasema mwenye pusipusi.

“Ni panya.”

“Panya haigongaka vile.”

Kufika nyumbani nikailaza kwenye godoro, nikaigeuza kifudifudi, nikaanza kuitikisa kama mtoto anayeiba sarafu kwenye kopo la akiba. Ilinichukua karibu nusu saa. Ile kitu ilikuwa inakuja hadi kwenye tundu, yale matundu mawili yenye umbo la herufi f, inachungulia, inarudi. Mwisho ikadondoka. Kijiti. Mviringo, unene wa kidole gumba, urefu wa kama shubiri. Hakina rangi, hakina msumari, hakina gundi. Nikasema hiki ni kipande cha mpini wa ufagio, mjukuu wa mzee alikitumbukiza akicheza.

Mama alikuwa uani, amechutama mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, anapepea na makaa yanakataa kushika. Nikampa kile kijiti.

Kilishika vizuri. Mti uliokaa kivulini miaka 50 hauna maji hata tone.

Tulipokwisha kula bukari, ugali wetu, nikaanza kazi. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa mlangoni. Nikasimamisha shevale, nikawa nazungusha funguo za juu, uzi mmoja baada ya mwingine, huku nalinganisha na gitaa besi yangu, maana ni sauti zilezile: mi, la, re, sol. Mi ndiyo haikuwepo. La ikaja. Re ikaja. Nikadonoa: sauti ya ndoo ya plastiki. Nikasema bado nyuzi hazijakaza. Nikakaza. Nikaona tumbo linashuka chini ya shevale upande wa kulia, taratibu, kama godoro mtu mnene anapokaa. Na mimi nikajiambia, ni tumbo, tumbo si hushuka na kupanda? Naapa ndivyo nilivyowaza. Nikaongeza nusu mzunguko kwenye sol.

Ka!

Shevale iliruka, ikagonga sufuria, ikaishia chini ya kabati. Watoto walitoweka wote. Mimi nilibaki nimeshika shingo ya kontrebasi kwa mikono miwili, na kutoka kwenye tundu la kulia ulikuwa umetokea mstari mwembamba, mweupe, urefu wa kidole, ambao haukuwepo nilipokuwa natoa dola zangu 120. Nyuzi zikalia zenyewe kidogo, zikanyamaza. Nikasikia mama uani anaacha kuosha vyombo. Hakuuliza kitu. Baada ya muda akaendelea kuosha.

Jumapili baada ya misa akaja fundi wa magitaa wa Kenya (Kenya yetu, mtaa wa Lubumbashi, si nchi). Ni mzee mfupi, mkavu, na mfukoni alikuwa na simu ya tochi. Hakugusa nyuzi. Hakuangalia ule ufa uliokuwa umenikosesha usingizi siku tatu. Alipiga magoti, akaweka jicho kwenye tundu, akamulika, akahamia tundu la pili, akamulika tena. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha, bila kuinua kichwa:

“Roho iko fasi gani?”

Nikafikiri ananijaribu. Alikuwa mzee wa kanisa. Nikaanza kumjibu kwamba mimi, papa, kwa kweli, ekaristi napokea, ingawa...

“Si yako. Ya hii.”

Akakaa chini akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Wafaransa huiita âme, roho, na kila fundi aliyejifunza kwao ameipokea kwa jina hilo. Ni kijiti kinachosimama ndani, kati ya tumbo na mgongo, karibu na mguu wa shevale upande wa sol. Hakigundishwi. Kinasimama kwa kubanwa tu. Nyuzi zikishakazwa, zote kwa pamoja zinavuta zaidi ya kilo 100, na shevale inalikandamiza tumbo. Kile kijiti kinalizuia lisishuke, na papo hapo kinapeleka mtetemo mgongoni ili chombo kizima kiseme. Ukilegeza nyuzi zote, kinaweza kuanguka. Kinalala mule ndani, kinakungoja.

“Kijiti,” nikasema.

“Kijiti.”

“Hakina rangi.”

“Hakipakwe rangi.”

“Kama... kama hivi?” Nikamwonyesha kidole gumba.

Fundi akatabasamu kwa matumaini. “Ndiyo, mwana. Kama hivyo. Uko nacho?”

Sikuweza kumtazama. Nikatazama mlango wa uani. Mama alikuwa amesimama pale na ungo wa maharage, amesikia yote, na yeye alikuwa anaitazama mbabula.

“Ni kile cha juzi?” akauliza. “Kile kiliwasha moto muzuri.”

Fundi alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia. Mama naye akaanza. Mimi nilicheka mwaka uliofuata.

Mengine yalikwenda kwa kawaida yake. Fundi alichonga roho mpya kutoka kwenye mbao ya paleti, msonobari mwepesi wa makreti yanayoleta mashine migodini, akaisimamisha kwa kipande cha nondo nyembamba alichokikunja kama herufi S. Ilianguka mara 11 kabla ya kukubali, nilihesabu. Ufa akautia gundi. Dola 15 na chupa mbili za bia ya Simba. Uzi wa mi uliletwa na mfanyabiashara aliyetokea Johannesburg, na hapo ndipo nilipogundua kwamba shingo ile haina alama yoyote, na kwamba karibu na kichwa hatua ndogo kabisa kati ya sauti na sauti ni karibu sentimita 6. Vidole vyangu vya kwaya vilichubuka, vikapona, vikachubuka.

Mwaka ule ule nilirudi Kamalondo kumuuliza mzee. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nikaambiwa amehamia Likasi kwa binti yake, na nikiwa njiani kurudi hasira ilikuwa inaniponyoka. Kwa sababu aliniambia. Aliniambia kila kitu kwa maneno mepesi: iko ndani, usiache itoke. Angetaka kunitapeli angenyamaza. Lakini pia, angetaka kunisaidia, si angesema tu, mwana, kuna kijiti humo, usikitupe? Siku nyingine naamini alidhani ninajua, maana nani anunue kontrebasi bila kujua? Siku nyingine naona kile kiganja chake tumboni pale, na najua aliona uso wangu, akaona aina ya mnunuzi aliyempata, akakubali 120 haraka.

Juzi usiku basi nilipiga magoti, nikamulika. Ipo. Imesimama, imeinama kidogo, kama ilivyozoea tangu siku ile. Ufa wa zamani haujasogea. Nikapitisha kidole kwenye maungio ya ubavu, maana kiangazi ndipo yanapoachia, sikuona kilichofunguka. Nikadonoa sol kwa kidole gumba, polepole, nikausikia hadi kwenye magoti.

“Nilikuambia ni bati,” mke wangu akasema kutoka chumbani.